Dawa Isiyomjua Koboko

Maiti ilikuwa imelala chali katikati ya chumba cha kukamulia sumu, kidole gumba cha mkono wa kulia kimevimba kidogo tu, macho nusu wazi. Hakuna mtu aliyetaka kuingia kuitoa. Hawakuogopa maiti. Mfuniko wa kizimba cha koboko ulikuwa wazi, na koboko mwenyewe hakuwemo.

Inspekta alisimama mlangoni akipima kwa macho kila pembe ya chumba. Katika kazi yake alikuwa ameona maiti za kila namna, za kisu, za moto, za maji, akazizoea kiasi cha kula chakula chake cha mchana bila taabu. Nyoka ndio hakuwazoea. Hata picha ya nyoka kwenye kitabu cha shule cha mwanawe aliifunika kwa kiganja. Koplo aliyesimama nyuma yake hakulijua hilo, na Inspekta hakuwa na nia ya kumwambia.

"Tunaingia, afande?" Koplo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hapana.

"Tunaingia. Tazama chini kabla ya kuweka mguu. Halafu tazama juu."

"Juu tena?"

"Koboko anapanda."

Kituo kile kilitengeneza dawa ya walioumwa na nyoka. Sumu ilikamuliwa mle asubuhi, farasi wakadungwa kidogo kidogo mpaka miili yao ikajifunza kuipinga, kisha damu yao ikachujwa, ikawa dawa ya kusambazwa hospitalini katika chupa ndogo za kioo. Kulikuwa na dawa ya koboko na dawa ya kifutu, kila moja na farasi wake. Marehemu alikuwa mkamuaji mkuu. Wenzake walimwita Bwana Meno, maana ndiyo aliyoshinda ameyashika.

Mkamuaji mwenzake alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Glavu, kwa kuwa hakuvua glavu zake hata wakati wa chai. Alitoa maelezo yake akiwa koridoni, amesimama juu ya stuli. Asubuhi hiyo Bwana Meno alimkamata koboko nyuma ya kichwa kama kawaida, nyoka akajipinda, jino likamgusa kidole. Bwana Meno hakupiga kelele. Alimrudisha nyoka kizimbani, akasahau mfuniko, akaketi sakafuni na kumwambia Glavu afungue kabati la dharura.

"Ukafungua?"

"Papo hapo. Nikamdunga mwenyewe, kwenye mshipa, chupa baada ya chupa."

"Dawa ilikuwa imeisha muda?"

"Haikuisha. Ilitoka kwenye baridi, safi kama maji ya kisima."

"Amewahi kuumwa kabla ya leo?"

"Na koboko huyuhuyu. Alidungwa, akalala kitandani siku kadhaa, akarudi kututania kwamba nyoka ndiye aliyeugua."

"Na leo?"

Glavu aliangalia mikono yake. "Leo kope zilianguka, ulimi ukawa mzito, akabaki ananitazama. Akili ilikuwepo, afande. Alikuwa ananisikia. Pumzi ndiyo iliyokataa."

Mkurugenzi wa kituo naye alikuja, tai imelegea, macho kwenye dari. Alisema anasikitika, kwamba kazi yao ndiyo hiyo, na kwamba Inspekta angefanya vizuri kuandika ajali kazini ili familia ipewe mwili ikazike. Aliyasema yote bila kuvuka kizingiti.

Inspekta alitaka chupa zilizobaki kabatini. Angeweza kumtuma Koplo, lakini aliona kijana wa watu ameshaanza kurudi nyuma, akaenda mwenyewe. Alipiga hatua, akasimama, akapiga nyingine. Alifungua kabati, akachukua chupa, akazitia katika mfuko wa vielelezo. Ndipo alipousikia mchakacho nyuma ya kabati, mwepesi, kama mtu anayeburuta karatasi sakafuni.

Alijua anachopaswa kufanya, nacho ni kutofanya kitu. Kichwa kilitoka ubavuni mwa kabati usawa wa kiuno chake. Kilikuwa cha kijivu. Siku zote alidhani koboko ni mweusi, mpaka huyu alipofungua kinywa na weusi wote ukawa humo ndani. Inspekta alihisi jasho likimshuka uti wa mgongo taratibu, akaogopa hata lile jasho lisije likatikisika.

Glavu alishuka kwenye stuli. Aliingia na fimbo yake yenye ndoano, anaongea na nyoka kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akamnasa, akamwinua, akamshusha kwenye gunia na kulifunga. Kisha akauelekeza mkono kwenye mfuko wa Inspekta.

"Angekuuma, ningekudunga hizohizo," alisema.

Inspekta alikwenda kukaa garini, akafunga mlango, akapandisha na vioo.

*

Mkemia wa maabara ya polisi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyeweza kucheka huku akipima sumu. Alipompigia Inspekta simu hakucheka. Alimtaka aje mwenyewe.

Chupa zilikuwa zimepangwa mezani chini ya taa kali, lebo zote zimeandikwa KOBOKO.

"Hii dawa ni nzima," Mkemia alisema. "Haikuchemshwa, haikuchanganywa na maji, haikuoza. Ni kingamwili safi ya farasi."

"Basi mtu amekufaje?"

"Unaijua manati?"

"Nimeshapigwa nayo."

Mkemia alichora kwenye karatasi. Kingamwili, alieleza, ni protini, na kila protini ni mnyororo mrefu uliojikunja ukapata umbo lake. Kazi yake yote iko katika umbo hilo. Kingamwili ina umbo la manati: mpini mmoja, panda mbili. Mpini hufanana kwa zote. Kinachotofautiana ni ncha za panda, maana ndizo zinazoidaka sumu na kuishikilia isifanye kazi. Ncha zilizoumbwa kudaka kitu kimoja, kitu kingine huzipita hivihivi, kama mgeni anayepita sokoni bila mtu kumsalimia.

"Na hizi ncha zinamdaka nani?"

"Kifutu. Koboko hazimjui kabisa."

Inspekta alivuta kiti akaketi.

Mkemia aliendelea, sauti imeshuka. Sumu ya kifutu ina vimeng'enya vingi, vinameng'enya nyama na mishipa kama tumbo linavyomeng'enya chakula, ila chakula chenyewe ni mguu wa mtu. Huchukua muda. Koboko ana njia nyingine. Vijiprotini vyake vidogo huenda kukaa pale msuli unapopokea amri ya neva, vikaingia barabara kana kwamba pametengenezwa kwa ajili yake. Amri inatumwa, haifiki. Msuli unangoja. Kope zinangoja, ulimi unangoja, mwishowe mbavu nazo.

"Mwenzake alimdunga maji ghali," Mkemia alisema. "Na marehemu alikuwa macho akisubiri yafanye kazi."

"Kiwanda kimekosea lebo?"

"Nilidhani hivyo. Angalia."

Alikuwa amebandua lebo moja. Chini yake kulikuwa na mabaki ya gundi ya mashine, na juu ya gundi hiyo, utando mweupe uliokauka. Alidondosha tone la iodini. Rangi ya kahawia ikageuka bluu nzito, karibu nyeusi, mbele ya macho yao.

"Wanga," alisema. "Sukari zimeshikana mikono, mnyororo umejizungusha kama springi, iodini inaingia katikati ya springi na rangi inabadilika. Mashine ya kituo haibandiki kwa wanga. Mtu amepika uji wa unga nyumbani kwake, akabandua lebo za kweli, akabandika hizi kwa mkono."

"Kwa mkono mtupu?"

"Mtupu. Uji umekauka na ngozi ya kidole chake. Nipe muda nitoe vinasaba."

Inspekta alitoka nje kwenye jua. Mpira wa kumwagilia maua ulikuwa umejikunja kwenye nyasi, naye aliruka kando kabla hajaufahamu. Mlinzi wa geti alimtazama, akajifanya hakuona.

*

Sasa yalikuwa mauaji, na mauaji ya ajabu. Muuaji hakumgusa nyoka wala mtu. Aliharibu kinga tu, akakaa kungoja. Ina maana alikuwa na uhakika kwamba siku moja Bwana Meno angeumwa, na kwamba alikuwa radhi kungoja siku hiyo, iwe kesho au mwaka ujao. Wazo hilo lilimtisha Inspekta kuliko kile kichwa cha kijivu.

Kituoni hofu ilikuwa imeshaenea. Glavu aligoma kukamua. Wahudumu wa farasi walivaa buti za mvua kwenye sakafu kavu. Kila mtu alijua kwamba sasa chupa zote zinafanana na hakuna wa kuapa iliyo sahihi ni ipi.

Glavu alihojiwa tena, akarudia maneno yaleyale. Alikuwa amemdunga rafiki yake kwa mikono yake, na tangu siku ile hakuweza kushika hata kikombe. Mkurugenzi alieleza, kwa shingo upande, jinsi chupa zinavyosafiri. Mashine inajaza, mashine inabandika lebo, kisha chupa hupita chumba cha kufungashia. Humo hukaguliwa kwa macho, nyingine hutiwa katika masanduku ya hospitali, chache hupelekwa kwenye kabati la dharura kila za zamani zinapoisha muda.

"Nani anafungasha?"

"Wanawake kadhaa. Msimamizi wao ni Shangazi."

"Shangazi wa nani?"

"Wa watoto wa marehemu. Ni dada yake wa kuzaliwa. Hapa sote tunamwita hivyo."

Inspekta alimkuta Shangazi nyumbani kwa marehemu, amejifunga khanga kiunoni, anapokea wageni, anapanga viti, anamlazimisha mjane ale. Mjane alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na tangu msiba uingie alikuwa akikung'uta shuka na viatu kabla ya kuruhusu watoto waviguse. Inspekta alimchukua pembeni, kwenye chumba cha kulala, akamuuliza kama mumewe alikuwa na ugomvi na mtu.

Mjane alisema hapana. Kisha akainuka, akafunga mlango.

Mwaka uliopita, alisema kwa kunong'ona, binti wa wifi yake aliumwa na koboko nyuma ya nyumba, penye rundo la mbao. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wifi alimbeba mtoto mgongoni mpaka kituoni. Chumba cha baridi kinakohifadhiwa dawa kilikuwa kimefungwa, lakini Bwana Meno alikuwapo, akilisha nyoka, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwake.

"Hakufungua," mjane alisema. "Kanuni inasema kabati lisiachwe tupu. Alimwambia gari la hospitali liko njiani."

"Lilifika?"

"Lilifika. Mtoto hakufika."

"Na dada yake?"

"Alikaa kimya miezi. Halafu akaja na kapu la matunda, wakala pamoja, tukasema Mungu mkubwa, yameisha." Mjane alitazama mlango. "Wifi yangu ni mtu mwema, Inspekta. Usiku huu atalala na wanangu."

Inspekta aliinuka, akafungua mlango. Alipofika sebuleni alimkuta Shangazi amempakata mdogo wa watoto, anamlisha kwa kijiko, anapuliza kila tonge kwanza lisimuunguze. Aliacha polisi wa kike pale, kwa kisingizio cha kusaidia jikoni.

*

Majibu ya Mkemia yalifika asubuhi moja Inspekta akiwa hajamaliza chai.

"Aliyebandika ni mwanamke," Mkemia alisema kwenye simu. "Na kuna vinasaba ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake, mama kwa mtoto, bila baba kutia mkono. Vyake na vya marehemu ni kitu kimoja. Hao wamenyonya ziwa moja."

Inspekta alishukuru, akaweka simu chini. Alipaswa kufurahi. Badala yake alibaki anatazama mchoro wa manati alioupachika ukutani, na ubaridi ukampanda kutoka kwenye nyayo.

Chupa za kabatini zilikuwa na dawa ya kifutu ndani na jina la koboko nje. Lebo hizo za koboko zilibanduliwa kwenye chupa fulani. Chupa hizo ziko wapi? Na sasa zimeandikwa nini?

Alimpigia Mkurugenzi. Mkurugenzi alikwenda kuangalia, akarudi na sauti nyingine kabisa. Sanduku la dawa ya kifutu lililofungashwa siku zile kabati lilipojazwa lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa limegawanywa kwenye hospitali za mbali, na yeye hakujua chupa zipi kati ya zile ndizo.

"Koplo," Inspekta aliita. "Kamlete Shangazi. Kwa heshima, lakini mlete sasa hivi."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti, na dirisha la nondo. Shangazi aliketi wima, leso mkononi. Inspekta alimsomea haki zake: hakulazimika kusema lolote, na atakalosema lingeandikwa na kutumika mahakamani. Alisema ameelewa.

"Uliwahi kubandua lebo za chupa?"

"Nafanya kazi ya kufungasha, mwanangu. Nagusa chupa kutwa."

"Ulipika uji wa unga?"

"Nani asiyepika uji?"

"Ngozi ya kidole chako iko kwenye huo uji."

"Kama una ushahidi, nipeleke kwa hakimu. Mimi nina msiba."

Hakuonyesha hasira wala woga. Inspekta alikuwa amewahoji majambazi waliobeba bunduki, na hakuna aliyemtia hofu kama mama huyu aliyekunja leso yake vizuri pembe kwa pembe. Aliifunga faili.

"Sina swali jingine la kaka yako," alisema. "Nataka kujua dawa ya koboko uliipeleka wapi."

Leso ilisimama.

"Chupa zake ulizibandika lebo za kifutu, ukazirudisha sandukuni. Sanduku limetoka, Shangazi. Liko hospitalini. Sasa hivi mtoto wa mtu akiumwa na kifutu, nesi atafungua chupa uliyoibandika wewe."

"Limetoka lini?"

"Wiki hii, ukiwa msibani, hospitali zilipoishiwa na kabla lebo zako hazijagunduliwa."

"Lile sanduku lilikuwa la akiba," Shangazi alisema. "La akiba halitoki mpaka mwisho wa mwaka. Nilikuwa nizirudishe. Nilikuwa nizirudishe lebo zote, mambo yakishatulia."

"Limetoka."

Mwanamke yule aliinuka nusu kitini. Alishika ukingo wa meza. "Maji ya vuguvugu," alisema. "Waambie wazilowanishe chupa kwenye maji ya vuguvugu. Uji unayeyuka. Lebo za mashine haziachi kwa maji, zangu zitatoka zenyewe. Waambie sasa hivi, usiandike kwanza, wapigie."

Koplo alikuwa ameshatoka mbio.

Hospitali ya kwanza walilowanisha chupa zao, hakuna lebo iliyotoka. Ya pili wakapata nyingi. Ya tatu simu ilipokewa na daktari aliyekuwa amechoka sana. Alikuwa na mtoto wodini, ameumwa na kifutu jana mchana, amedungwa, na mguu unazidi kuvimba mpaka kwenye nyonga. Hawakuelewa kwa nini. Inspekta alituma gari la polisi na dawa iliyopimwa na Mkemia kwa mkono wake, king'ora wazi njia nzima.

Walingoja wote wawili katika chumba kile. Shangazi hakutaka chai wala maji. Kila kiatu kilipopita koridoni aliinua kichwa, na Inspekta naye aliinua chake. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Jioni Koplo alirudi. Uvimbe ulikuwa umesimama. Madaktari walisema mtoto ataishi, ingawa vidole vya mguu hawakuwa na hakika navyo.

"Wa kike au wa kiume?" Shangazi aliuliza.

"Wa kike, mama."

Shangazi aliiweka leso mezani. Halafu akasema Inspekta achukue kalamu.

Alieleza bila kuulizwa. Alijua kaka yake ataumwa, kwa kuwa wakamuaji wote huumwa. Yeye hakuhitaji kumgusa nyoka. Kila asubuhi alifika kazini, akampitia kaka yake, akamwambia umeamkaje kaka, akaenda kukaa chumba cha kufungashia na kusikiliza. Siku nyingine aliomba isiwe leo. Siku nyingine aliomba iwe leo. Mara alisimama na lebo mkononi akitaka kwenda kumwambia, akafika mlangoni, akamsikia anacheka na Glavu, akarudi.

"Kwa nini hukuimwaga ile dawa ya kweli?" Inspekta aliuliza. "Usingekuwa na haja ya kuirudisha sandukuni."

"Ningeimwagaje?" Shangazi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kipumbavu. "Ndiyo niliyoililia. Niliishika chupa moja juu ya sinki, nikaona uso wa mwanangu. Dawa ile haimwagwi, mwanangu."

"Na kaka yako? Alifuata kanuni."

"Kanuni aliwaambia watu." Sauti yake sasa ilikuwa tulivu. "Mimi hakuniambia kanuni. Mtoto yuko mgongoni kwangu, shingo imelegea, nasikia pumzi yake inavyokatika sikioni. Nikamwambia, kaka, fungua. Akaushika ule ufunguo hivi, kwa mkono wote. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Akaniambia, 'Dada, nikikupa hii, mimi kesho nitadungwa nini?'"

Alikunjua leso, akaikunja tena.

"Basi nikataka apate jibu."

Inspekta alimsomea maelezo yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Shangazi alisikiliza kwa makini, akaomba neno moja libadilishwe: kila palipoandikwa marehemu, paandikwe kaka yangu. Inspekta alikata, akaandika upya, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha Shangazi akatia sahihi.